Kimini cha Bibi, Cheche ya Mlimani na swali la "ingekuwaje"

Katika albamu ya bibi yangu mzaa mama kuna picha moja ambayo zamani ilikuwa haioneshwi wageni. Imepigwa studio, nyuma kuna pazia lenye mchoro wa minazi. Bibi kasimama, mkono kiunoni, nywele zimetimuliwa juu, na sketi imekomea mbali kabisa na magoti. Nyuma ya picha kuna mwandiko wa wino: Dar, 1968. Alikuwa na miaka 19, karani mpiga chapa katika ofisi moja katikati ya mji. Alikuwa na mshahara wake na chumba chake cha kupanga Ilala.

Oktoba ya mwaka huo huo, akitoka kazini, kundi la vijana lilimshusha kwenye basi pale Kariakoo. Walimchania ile sketi mbele za watu. Nilipomuuliza kilichomuuma zaidi, hakutaja wale vijana. Alisema: "Abiria walicheka, mjukuu wangu. Nilikuwa nawajua wengine kwa sura, tunapanda basi moja kila asubuhi. Wakacheka, basi likaondoka."

Nimeikumbuka hadithi hii kwa sababu ya mchezo. Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa marafiki watano, kahawa na kashata, tukawa tunacheza mchezo wa "ingekuwaje kama". Ingekuwaje kama wanafunzi wa Paris wangeshinda Mei 1968? Ingekuwaje kama mahipi wa San Francisco wasingeishia kwenye dawa za kulevya, bali wangeunda chama na kwenda bungeni? Tukazunguka dunia nzima. Hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyeuliza: je, Dar es Salaam? Kama vile sisi hatukuwa na vijana waliokwenda kinyume na mkondo. Kama vile kwetu miaka ya sitini ilikuwa ni mwenge na halaiki tu.

Tulikuwa nao, ndugu zangu. Walinyamazishwa kwa zamu, na tumewasahau vizuri mno. Ngoja leo nicheze huo mchezo nyumbani.

Kwanza kilichotokea kweli, maana "ingekuwaje" bila "ilikuwaje" ni porojo.

Februari 1967 lilikuja Azimio la Arusha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukapitisha azimio la Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, ni marufuku vimini, mawigi, dawa za kujichubua na nguo za kubana. Lakini wapo ambao hawakuingoja Januari. Siku chache tu baada ya tangazo, makundi yakaanza kuwawinda wanawake Kariakoo na kuwashusha kwenye mabasi. Viongozi wakasema vurugu hazifai. Marufuku ikabaki.

Novemba 1969 ikaja zamu ya muziki. Soul ikapigwa marufuku Dar es Salaam. Sababu? Utamaduni wa kigeni, unapotosha vijana. Hapo pana kichekesho kichungu. Soul ilikuwa muziki wa watu weusi wa Marekani, wale wale ambao mapambano yao tulikuwa tukiyaunga mkono. Malcolm X alipita Dar mwaka 1964 akapokewa kwa heshima. James Brown akapokewa kama mhuni. Na kichekesho cha pili: miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa inawabana Wamasai waache lubega wavae suruali. Msichana wa Ilala alikosea kwa kuiga mno ya wageni, Mmasai wa Monduli akakosea kwa kutoiga. Kumbe tatizo halikuwa ukubwa wa kitambaa. Tatizo lilikuwa nani anaamua.

Huko kusini, Ruvuma, kulikuwa na watu wa aina nyingine kabisa. Vijana wa Litowa walianza kulima na kuishi kwa ujamaa mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla Azimio halijaandikwa. Wakaunda Ruvuma Development Association, vijiji zaidi ya kumi, wakawa na shule yao na mikutano yao, wanaamua mambo wenyewe. Hakuna aliyewasukuma kwa lori. Mwalimu mwenyewe aliwapenda. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja jumuiya hiyo na chama kikachukua mali zake. Kosa lao lilikuwa ni kufanya ujamaa bila kusubiri maelekezo.

Na pale Mlimani, chuoni, walikuwepo wanafunzi wa USARF, kikundi cha kimapinduzi kilichoanza mwaka 1967, mwenyekiti wake kijana mmoja kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Walter Rodney alikuwa anafundisha hapo. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, wakaliita Cheche, jina lililofuata gazeti la Lenin. Wahariri walikuwa watu kama Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, yule aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1970 likatoa andiko refu la Issa Shivji, "The Silent Class Struggle", lililosema kwamba kutaifisha benki na viwanda hakujampa mfanyakazi madaraka, bali kumezaa tabaka jipya la wakubwa maofisini. Novemba 1970 Cheche na USARF vikapigwa marufuku pamoja. Waliambiwa Tanzania ina itikadi yake, haina haja ya kuazima cheche za watu.

Hesabu miezi. Septemba 1969 wakulima. Novemba 1969 wapenda soul. Novemba 1970 wanafunzi. Miezi kumi na minne.

Naomba nieleweke. Siandiki kumtukana Mwalimu, na wale wanaopenda kumtukana Mwalimu watafute ukurasa mwingine. Nchi ilikuwa changa na maadui walikuwa wa kweli. Jeshi liliasi mwaka 1964. Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi hapa hapa Dar, Februari 1969. Serikali iliyozungukwa namna hiyo huona njama kila mahali. Naelewa hofu hiyo. Ila kuelewa hofu si kukubali kila kilichofanywa kwa jina lake.

Haya, tucheze. Nimejiwekea sharti moja: sibuni hewani. Kila "ingekuwaje" nitaipima kwa jirani ambaye jambo hilo lilimtokea kweli.

Ingekuwaje ya kwanza: vijana wa soul wangeshinda. Hakuna operesheni, hakuna marufuku, kila mtu avae bugaluu na raizoni zake, apige gitaa mpaka alfajiri. Rafiki zangu wengi wanaipenda hii. Wanaona Dar ingekuwa mji mkuu wa muziki wa Afrika. Vipaji si vilikuwepo? Patrick Balisidya na Afro 70, Marijani Rajabu na Safari Trippers, hao wote walitoka kwenye kizazi hicho hicho.

Jirani wa kumpima hapa ni Kongo. Kinshasa, mwaka ule ule wa 1969 ambao sisi tulipiga marufuku soul, vijana walianzisha Zaiko Langa Langa. Waliyasikiliza hayo hayo ya Marekani, wakapunguza matarumbeta, wakayapa magitaa na ngoma nafasi, wakabadilisha muziki wa Afrika Mashariki na Kati nzima. Hadi leo harusi zetu zinacheza matunda yao. James Brown mwenyewe akatua Kinshasa Septemba 1974, uwanja ukafurika. Kwa hiyo wale waliosema soul itaua muziki wa Mwafrika walikosea. Mwafrika akiachwa ajaribu, huila nyimbo ya mgeni akaitapika ya kwake.

Lakini tusiishie hapo. Juni 4, 1969, Kinshasa hiyo hiyo, wanafunzi wa Chuo cha Lovanium waliandamana, jeshi likawafyatulia risasi, makumi wakafa. Mwaka 1971 wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Kisha Mobutu akapiga marufuku suti na tai na majina ya Kizungu. Ndiyo maana ya ushindi wa mtindo peke yake: unaruhusiwa kucheza, huruhusiwi kuuliza. Na siku mkubwa akiamka vibaya, hata tai yako ni mali yake.

Pia tusisahau pesa. Hata kama soul ingeruhusiwa Dar, magitaa yangetoka wapi? Mwaka 1973 mafuta yalipanda bei dunia nzima, fedha za kigeni zikaadimika. Bendi zetu zilitegemea Nairobi kwa santuri, na mpaka na Kenya ukafungwa mwaka 1977, haukufunguliwa mpaka 1983. Halafu vita vya Kagera. Marufuku iliumiza, ila si marufuku peke yake iliyoumiza. Wanaosema "bila Operesheni Vijana tungekuwa mbali" wanamsamehe mno yule mwingine aitwaye uchumi.

Ingekuwaje ya pili: Cheche isingezimwa. USARF inaendelea, Cheche linasomwa mpaka viwandani, wanafunzi wanaongoza mapinduzi ndani ya mapinduzi. Wasomi wenzangu wanaipenda hii. Na ina uzito. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na kufikia 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa, wengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Gazeti lenye jeuri ya Cheche, na wakulima wenye uzoefu wa Litowa, wangeweza kusema mapema: jamani, hivi sivyo. Huenda wasingesikilizwa. Lakini nchi isiyo na mtu wa kusema hivyo imekwisha kujinyima breki kabla ya mteremko.

Jirani wa kumpima hapa ni Ethiopia. Huko wanafunzi walifika mbali kuliko wa Mlimani. Walipiga kelele ardhi kwa mkulima tangu katikati ya miaka ya sitini, na Septemba 1974 mfalme akaanguka. Wakashinda? Hapana. Wanajeshi wa Derg walichukua maneno yao yote, wakawaachia wao makaburi. Vyama viwili vilivyotokana na wanafunzi wale wale vikawindana mitaani Addis Ababa, na mwaka 1977 na 1978 Ugaidi Mwekundu ukawala wote. Muziki wa usiku wa Addis, uliokuwa moto Afrika nzima, ukazimwa na amri ya kutotoka nje.

Na tunaye mfano wa karibu zaidi. Mwenyekiti wa USARF aliingia Ikulu ya Kampala Januari 1986, akiwa na maneno mazuri juu ya viongozi wa Afrika wanaong'ang'ania madaraka. Hadi leo bado yupo. Sisemi kila mwanamapinduzi huishia hapo. Hirji na Shivji hawakuishia hapo, walibaki kwenye kalamu. Nasema tu kwamba kijana kusema kweli dhidi ya mkubwa si dhamana kwamba akiwa mkubwa ataisikia.

Sasa ingekuwaje ya tatu, ambayo ndiyo inayoninyima usingizi. Ingekuwaje kama hawa watu wangejuana?

Maana hawakujuana, na mbaya zaidi hawakupendana. Novemba 1968, wiki chache tu baada ya yale ya Kariakoo, USARF walikuwa wanapambana kuzuia sherehe ya Rag Day chuoni. Waliona ni ubwege wa kibepari: wasomi kuvaa matambara kuchezea umaskini. Kwenye hilo nakubaliana nao. Lakini makundi ya Kariakoo je? Nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi Mlimani miaka hiyo. Nikamuuliza, mlipowaona wasichana wale wanachaniwa nguo mlisema nini? Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Tuliona ni mambo ya utamaduni wa kibeberu. Hayakutuhusu." Baadaye akaongeza, kwa sauti ya chini: "Tulikosea."

Na Bibi je? Nilimuuliza kama alisikitika Cheche lilipofungwa. Akaniuliza, Cheche ndiyo nini? Hakuwahi kulisikia. Kutoka Ilala hadi Mlimani ni safari ya basi moja.

Wakulima wa Litowa nao walivunjiwa jumuiya yao Septemba, na sijaona popote kwamba msichana wa mjini alijua. Kila kundi lilipofikiwa, mengine yalikuwa kama wale abiria. Wengine walicheka. Wengine waliangalia dirishani. Basi likaondoka.

Hata makundi yale ya Kariakoo tuyatazame vizuri. Wengi walikuwa vijana wa mjini wasio na kazi, wanamwona binti wa rika lao ana mshahara, ana chumba, ana viatu vya duka, na wanaamini kanunuliwa na mkubwa mwenye gari. Hasira yao juu ya mwenye gari ilikuwa na haki. Ila mwenye gari hashushwi kwenye basi kwa sababu hapandi basi. Kwa hiyo wakamshusha wa kwao. Cheche lilikuwa na maelezo yote juu ya mwenye gari yule, kurasa kwa kurasa. Wao walikuwa na nguvu bila maelezo, Mlimani kulikuwa na maelezo bila nguvu, na katikati yao akachaniwa sketi karani wa miaka 19.

Mnasema hii ni ndoto? Jirani wa kumpima safari hii ni Kenya, na si zamani. Juni 2024, vijana walioitwa na wazee wao watoto wa TikTok waliuchambua Muswada wa Fedha, wakaueleza kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakaja barabarani na utani wao, na nyimbo za klabu, na mitindo yao ya nywele. Hakuna aliyemwambia mwenzake "wewe unapenda starehe, hii siasa haikuhusu". Juni 25 waliingia mpaka bungeni. Kesho yake Rais Ruto akatangaza hatausaini muswada. Gharama ilikuwa kubwa: makumi ya vijana waliuawa, na wengine walichukuliwa na watu wasiojulikana. Siwezi kuuita ushindi safi. Ila ni mara ya kwanza katika ukanda wetu nimeona mcheza dansi na msoma sheria wakiwa upande mmoja wa barabara, na serikali ikarudi nyuma hatua moja.

Ndiyo maana siamini kwamba mchezo wa "ingekuwaje" ni wa kupoteza muda. Wahenga walisema "laiti ningalijua" huja mwishoni, na ni kweli, yaliyopita hayarudi. Lakini swali tunalouliza juu ya jana linaonesha tunachokiogopa leo. Tukiuliza Paris tu, hatuogopi kitu. Tukiuliza Kariakoo, inabidi tujiulize: leo anayeshushwa kwenye basi ni nani, na mimi nimekaa kiti gani?

Maana mabasi bado yapo. Msanii akifungiwa wimbo kwa kukosa maadili, sisi wa siasa tunasema ni matusi tu, waache wafungiwe. Mwaka 2017 Nay wa Mitego alipokamatwa kwa ajili ya wimbo, wapo wasomi waliosema afadhali, hana ujumbe. Aliachiwa kwa kauli ya Rais, na tukashangilia huruma ya Rais, kana kwamba uhuru ni zawadi ya sikukuu. Mwandishi akifungiwa gazeti, wasanii wanasema hayo ni ya wanasiasa. Mkulima akiondolewa kwenye ardhi yake, wote tunasema ni ya huko. Miezi kumi na minne inaweza kurudi bila sisi kuitambua, kwa sababu haiji siku moja, na haiji kwa watu wa aina moja.

Nimalizie na Bibi. Mwezi uliopita nilimchapishia kurasa chache za andiko lile la Shivji, nikampelekea. Alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kiingereza anakijua, ndicho alichokuwa akikipiga chapa kutwa nzima. Nikamsimulia kwamba wanafunzi wale walikuwa wanahangaika usiku kupiga chapa kwenye stensili, wanakosea, wanarudia, halafu wanazungusha mashine ya kudurufu kwa mkono.

Akacheka sana. "Stensili? Mimi? Ningezimaliza kabla ya chakula cha mchana."

Kisha akarudisha zile karatasi mezani, akavua miwani. "Sasa kama walikuwa wanasema mambo haya," akaniuliza, "mbona hawakuja kutuambia?"

Sikuwa na jibu. Na yeye, niliona, alikuwa anajiuliza la kwake: mbona na sisi hatukwenda?

Nawasilisha.